Nguzo ya Njano Nyuma ya Nyumba

Nyumbani kwetu siku ilianza na povu.

Mkamwana wangu ni dobi. Kabla chai haijachemka, mabeseni yake yalikuwa yamepangwa uani kama wanafunzi mstarini. La kuloweka, la kufua, la kusuuza. Maji aliyachota kisimani. Kisima kilikuwa chetu, hapo hapo uani, na alikichimba mwanangu kabla hajaoa.

Wanaume wengine huposa kwa maneno matamu. Mwanangu hakuwa na maneno. Alichimba kisima, akamwita dobi aje aone. Dobi akachota, akatia sabuni, akasugua viganja.

"Maji laini haya," alisema. "Yana povu."

Nikajua nimepata mkamwana.

Mwanangu alichimba visima na vyoo. Watu walimwita Fuko, kwa kuwa mchana kutwa alikuwa chini ya ardhi. Jioni alirudi na udongo mpaka masikioni.

"Nafulia mtaa mzima," mkewe alimgombeza, "lakini shati lako ndilo litakalonizeesha. Linanuka udongo hata baada ya kufuliwa."

"Hayo ndiyo marashi yangu," Fuko alijibu.

"Marashi gani? Mtu akijipaka hayo ataota mahindi."

Mjukuu wangu alicheka mpaka akapaliwa. Yeye namwita mke mwenza, kwa sababu tunagombania mwanamume mmoja, naye ni baba yake.

Fuko alikuwa na mwenzake wa kazi, mtu mzima mwenye wake na watoto. Fuko akiwa shimoni, huyu alibaki juu anavuta ndoo na kushika kamba. Aliitwa Redio. Alizungumza tangu asubuhi mpaka jioni, na hata ukimnunia hakuzimika.

Basi hao ndio sisi.

Nyuma ya uzio wetu ilipita njia ndefu ya majani. Hakuna aliyejenga pale. Chini yake lilipita bomba la mafuta, leo petroli kesho dizeli, lililotoka mbali na kwenda mbali. Bomba lenyewe hatukuliona hata siku moja. Tuliona nguzo fupi za njano, zimesimama mojamoja kulifuata. Kila nguzo ilikuwa na maandishi: HATARI. BOMBA LA MAFUTA. USICHIMBE. Chini yake palikuwa na namba ya simu, lakini jua lilikwisha kuilamba.

Msimu mmoja mvua ilizidi. Nguzo ya nyuma ya kwetu ikaanguka, ikalala majanini. Hakuna aliyekuja kuiinua.

Siku moja dobi alikuwa na mashuka ya zahanati, na kamba yake ya kuanikia ilikuwa imelegea. Mashuka yalikuwa yanagusa tope. Fuko alikuwa amekwenda kuchimba mtaa wa mbali. Dobi akavuka uzio, akaibeba ile nguzo, akaisimika mbele zaidi, pale ambapo kamba ilivutika ikakaza. Mashuka yakapanda juu, yakapepea.

Kwa dobi, nguzo ile ilikuwa tangazo tu, kama bango la dawa ya meno. Bango ukilisogeza, dawa ya meno haidhuriki. Lakini kwa mchimbaji nguzo ile ilikuwa alama. Ilisema: bomba liko hapa, chini ya miguu yangu. Mke na mume walilala kitanda kimoja, wakazungumza habari ya kila mtu mtaani. Habari ya nguzo hawakuizungumza.

Baadaye maji ya sabuni yakaanza kutuama uani. Mbu wakahamia kwetu na jamaa zao.

"Nitakuchimbia shimo la kumwagia," Fuko alimwambia mkewe.

Akatoka na Redio mpaka nyuma ya uzio. Akaitazama nguzo.

"Bomba liko kule," alisema. "Hapa hapana neno."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu yao, nachambua maharage. Shimo lilipofika kifuani, sururu ikalia ngaa!

"Umepata hazina?" Redio aliuliza. "Kama ni dhahabu, mimi ndiye niliyeshika ndoo, usinisahau."

Fuko hakucheka. Alipangusa udongo kwa mkono. Bomba lilikuwa limevaa ngozi nyeusi kama lami. Sururu ilikuwa imebandua ngozi hiyo, kadiri ya kiganja. Pale palipobanduka chuma kiling'aa.

Mwanangu aligusa, akanusa kidole.

"Halivuji," alisema. "Ni mkwaruzo tu. Lakini ni vizuri tuwaambie."

"Tupige simu," Redio alisema.

"Namba imefutika. Labda tuwafuate ofisini kwao."

Dobi alikuwa amekuja na beseni kichwani. Aliposikia, akalishusha.

"Ofisini uende ukaseme nini? Kwamba umelipiga bomba lao kwa sururu? Umemsahau fundi baiskeli? Alikutwa amepumzika karibu na bomba, wakamwita mwizi wa mafuta, wakamfunga. Alirudi amekonda hata kofia ikawa kubwa."

Fuko alimkumbuka fundi baiskeli. Sote tulimkumbuka.

"Fukia, baba," dobi alisema polepole. "Halivuji. Fukia."

Wakafukia. Fuko akamgeukia mwenzake.

"Na wewe leo ukae bila betri."

"Nimezima," Redio alisema.

Mvua ikaja, ikaenda. Majani yakaota juu ya shimo. Sisi tukasahau. Chuma hakikusahau.

Mteja wetu mkubwa alikuwa muuguzi wa zahanati. Siku moja alikuja ameishika sare yake kwa vidole viwili.

"Dada, hii umeifua au umepangusia injini? Mgonjwa ameniuliza kama siku hizi nafanya kazi gereji."

"Nimeisuuza vizuri, dada yangu. Labda sabuni."

Dobi alibadilisha sabuni. Harufu ikabaki. Ikaingia kwenye mashuka, kwenye shati la mwalimu, kwenye nepi za mtoto wa jirani. Kisha mke mwenza akaniita uani.

"Bibi, njoo uone maji yamejipamba."

Juu ya ndoo palielea rangi nyembamba, za samawati na za waridi, zikizunguka taratibu. Zilikuwa nzuri kutazama. Mtoto alikuwa amekunywa maji yale asubuhi, na sasa kichwa kilimuuma na tumbo lilimsokota.

Muuguzi alipoiona ile ndoo hakufanya mzaha tena.

"Msiyanywe. Msioge. Msifulie."

"Nitayachemsha," dobi alisema. "Si ninyi mnaotuambia tuchemshe?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, dada. Hakutoi mafuta. Funikeni kisima, mkiache kama kilivyo mpaka niulize wanaohusika."

Akaondoka kwenda kuuliza.

Lakini nguo za watu zilikuwa zimelundikana mpaka dirishani. Kisima kikifa, kazi ya dobi imekufa. Tena ni kisima cha Fuko, alichoolea mke. Alikizunguka asubuhi yote kama mtu anayemzunguka mgonjwa.

"Nitashuka nione," alisema mwishowe. "Huenda kuna kitu kimeoza chini."

Wachimbaji wa visima wana kawaida yao. Hakuna anayeshuka kabla ya kupima hewa. Huwasha mshumaa, wakautia ndani ya kopo, wakauteremsha kwa kamba. Mshumaa ukizimika, chini hakuna hewa ya kuvuta. Mtu hashuki. Ukiendelea kuwaka, anashuka. Mshumaa huo ulikuwa umemwokoa mwanangu mara nyingi. Alifundishwa na baba yake, na baba yake alifia kitandani, mzee mzima, ana meno yake yote.

Fuko akaondoa mfuniko. Harufu ilinifikia mpaka mlangoni.

"Fuko," Redio alisema, "harufu hii mimi siipendi."

"Ndiyo maana napima," mwanangu alijibu.

Akapiga magoti ukingoni. Akawasha mshumaa, akaulinda kwa kiganja usizimwe na upepo. Akaanza kuuteremsha kwa uangalifu, kama alivyofanya siku zote.

Mshumaa haukuzimika. Haukufika hata nusu ya kisima. Kisima kilinguruma, na moto ukapanda juu kama mtu aliyeitwa.

Sitaeleza yote. Redio alimvuta kwa miguu, nywele zake mwenyewe zikiungua. Dobi alichomoa mashuka mabichi kambani na kumfunika nayo mumewe. Kamba ilikatika. Majirani walitupia kisima mchanga mpaka mikono ikachubuka.

Hospitali umeme ulikuwa umekatika. Nje jenereta ilikuwa inanguruma, ndani taa zinawaka. Waliandaa mashine ya kumsaidia kupumua. Kabla hawajamvisha, Fuko aliniita kwa sauti iliyokwaruza.

"Mama."

"Nipo, baba yangu."

"Mshumaa haukuzimika."

"Pumzika."

"Haukuzimika, Mama. Kwa hiyo hewa ilikuwepo."

Alitaka nijue kwamba hakuwa mzembe. Alikuwa amepima. Nilimwambia najua. Wakamvisha mashine, na hakusema tena. Alifariki alasiri, wakati wa kuona wagonjwa, korido imejaa watu na vyombo vya chakula.

Baada ya maziko alikuja ofisa wa zimamoto. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye buti kubwa kuliko za Fuko. Kisima kilikuwa kimezungushiwa utepe. Mke mwenza alimfuata, akamshika suruali.

"Shangazi, maji yanawakaje moto?"

Ofisa alichuchumaa wakawa macho kwa macho.

"Maji hayawaki, mama. Petroli ilikuwa imeingia kisimani. Petroli ikikaa, inatoa mvuke. Huuoni, lakini unaunusa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapeperuka. Unashuka, unalala mashimoni, kwenye mitaro na visimani. Unangoja moto. Hata cheche ndogo inatosha."

"Lakini Baba alipima."

"Alipima, na kipimo chake ni cha kweli kwa kisima cha maji. Mshumaa unaonyesha kama hewa haipo. Hauonyeshi kama petroli ipo. Penye harufu ya petroli, mshumaa si kipimo tena. Ni kiberiti."

Dobi alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Petroli ilifikaje humu?"

Ofisa aliinuka. Walikuwa wamekwisha kuchimba kule nyuma na kulikuta shimo la zamani.

"Ile ngozi nyeusi ndiyo inayolikinga bomba na kutu. Ilibanduka. Kutu ikaingia, ikala chuma kidogo kidogo. Mwisho pakatoboka tundu dogo kama la sindano. Petroli ikapita kwenye udongo, tone kwa tone, mpaka kisimani."

"Na kama tungesema siku ile ya mkwaruzo?"

Ofisa alitazama kule nyuma ya uzio. Nilitamani asijibu.

"Wangesafisha, wangelivisha ngozi nyingine," alisema. "Ni kazi ya siku moja."

Dobi aliketi chini, juu ya udongo, na nguo yake safi. Redio alikuwa ukutani, na bendeji kichwani. Tangu siku ya moto hakuwa amesema neno. Sasa akafunika uso. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akilia, na nikatamani azungumze upuuzi wake wowote.

Ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Alikuja bwana mmoja wa kampuni ya bomba, shingoni amefunga tai kama anataka kujinyonga lakini hana haraka.

"Tunatoa pole," alisema. "Ila nguzo ilihamishwa, na bomba likaguswa bila taarifa."

Watu wakapiga kelele. Mwenye mashine ya kusaga akasimama juu ya benchi.

"Ling'oeni! Hatutaki kulala juu ya moto! Leo ni Fuko, kesho ni nani?"

Wakampigia makofi. Muuguzi akainua mkono, akangoja wanyamaze.

"Kaka yangu, mashine yako ya kusaga inakunywa nini?"

"Dizeli."

"Na gari la wagonjwa? Na jenereta ya hospitali? Bomba likiondoka, mafuta yatakuja kwa malori. Yatapita hapa, mbele ya shule. Lori nalo linapinduka."

"Tuweke umeme wa jua!" mtu alisema.

"Zahanati tumeweka, na unatusaidia. Unawasha taa, unapoza chanjo. Tuongeze, mimi niko mbele. Lakini leo chumba cha upasuaji bado kinategemea jenereta."

"Kwa hiyo sisi tufe ili mashine ziishi?" mwenye kusaga aliuliza.

Hakuna aliyempigia makofi safari hii. Lilikuwa swali la kweli, na aliyoyasema muuguzi yalikuwa ya kweli pia. Hapo ndipo paliponiuma. Mashine iliyompa mwanangu pumzi zake za mwisho iliendeshwa na jenereta, na jenereta ilikuwa inakunywa mafuta yaliyokuja kwa bomba lile lile. Hata chuki yangu sikujua niiweke wapi.

Ndipo dobi akasimama. Mikono yake ilikuwa mikavu. Hakuwa amefua tangu msiba.

"Aliyeisimika nguzo mahali pengine ni mimi," alisema. "Nilitaka mashuka yakauke. Sikujua kwamba ni alama. Hakuna aliyetufundisha." Akamgeukia yule bwana. "Lakini ilianguka kwa mvua, kaka. Ikalala chini, mkaiacha. Nilipoisimika, ikakaa misimu na misimu mahali pasipo pake. Mimi napita pale kila siku na beseni kichwani. Ninyi mlipita lini?"

Yule bwana alitazama viatu vyake. Vilikuwa safi sana.

"Mume wangu alitaka kuja kuwaambia. Mimi nilimzuia. Niliogopa angefungwa. Sasa nasema hivi. Bomba likae, bomba liondoke, hayo yajadilini. Lakini leo lipo chini ya miguu yetu. Atakayeligusa akaja kusema, msimfunge. Mkimfunga, wa pili hatakuja. Atafukia kama tulivyofukia."

Akakaa.

Habari ya kuliondoa bomba bado inajadiliwa mpaka leo. Mwenye kusaga hajakata tamaa, na mimi namwambia aendelee. Wengine wanadai umeme wa jua uongezwe, mafuta yapungue. Lakini neno la dobi lilipita. Kampuni iliziba tundu, ikazoa udongo ulionuka petroli. Nguzo zimejengewa saruji, na namba ya simu imechongwa kwenye chuma. Jua lilambe mpaka lichoke. Watembezi wa bomba wanapita kila wiki, kwa miguu, wanasalimia. Hakuna anayechimba karibu na njia ile kabla hajapiga simu na kuonyeshwa bomba lilipo. Na mkwaruzo wowote, hata wa ukucha, unatolewa taarifa, na anayesema haulizwi alikuwa akifanya nini pale.

Redio alipona. Ofisa wa zimamoto ndiye aliyemwasha tena. Alimchukua akazungumze na wachimbaji wenzake, mtaa kwa mtaa. Mara ya kwanza sauti ilimkwama. Siku hizi hakwami.

"Mkinusa petroli kisimani, mtaroni au shimoni," huwaambia, "msiwashe kitu. Si mshumaa, si sigara, si jiko, si tochi. Hata simu msiishike hapo. Toeni watu, nendeni upande upepo unakotokea. Mkifika mbali, ndipo mpige simu. Na msichote mafuta hayo hata kwa kijiko. Mimi naringa na sauti, lakini kichwa changu mnakiona."

Kisha huvua kofia, wakaona kovu.

Kisima chetu kimefungwa kwa zege. Dobi anafulia maji ya mfereji, anayabeba kwa madumu. Yana chumvi, povu lake ni la uchoyo. Kamba anaifunga kwenye nguzo zake mwenyewe, za mti, ndani ya uzio. Na siku hizi kila nguo anainusa baada ya kuifua. Anainusa na kabla.

Juzi Redio alikuja anakimbia, amejaa tope kifua kizima.

"Shemeji! Nimeligusa bomba!"

Dobi aliangusha sabuni.

"Walinionyesha njia, lakini pale linapinda kidogo. Koleo limelikwaruza. Nikaliweka koleo chini. Nikatoka shimoni. Nikapiga simu."

"Wakasemaje?"

"Wamekuja saa hiyo hiyo. Wamelisafisha, wamelivisha ngozi mpya. Mimi nimekaa pembeni nangoja wanifunge."

"Halafu?"

"Wamesema asante."

"Asante tu?"

"Na soda. Baridi, shemeji. Nimeinywa huku natetemeka."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Dobi alinyoosha mkono.

"Lete hilo shati nilifue. Huwezi kwenda kwa mkeo hivyo."

Redio akavua shati, akaenda kunawa kwenye dumu. Dobi alilileta usoni, kama afanyavyo kwa kila nguo sasa. Akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu.

"Udongo," alisema. "Ni udongo mtupu."

Aliketi ukingoni mwa zege ya kisima, shati mapajani. Mke mwenza alitaka kumfuata. Nilimshika mkono, nikamwambia amwache mama yake. Povu lilififia beseni zima, likaisha, na bado alikuwa amelishika lile shati, hajalitia majini.